The Black Cauldron ya Lloyd Alexander: chungu cha Mabinogi na bei ya kukivunja

Mpenda Hekaya (mleta uzi)

Salaam kwenu wakuu. Naleta uzi kuhusu riwaya ya watoto ambayo, kwa maoni yangu, imekuwa ikisifiwa kwa sababu isiyo yake. The Black Cauldron ya Mmarekani Lloyd Alexander ilitoka mwaka 1965, ikiwa ya pili katika mfululizo wa vitabu vitano vinavyosimulia habari za nchi ya kubuni iitwayo Prydain, na mwaka 1966 ikatajwa miongoni mwa vitabu vya heshima vya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto. Wengi wanaoisifu husema kwamba imewafikishia watoto hekaya za kale za Wales. Anayezitaka hekaya hizo anaweza kuzisoma zenyewe, kwa kuwa zimehifadhiwa na zimetafsiriwa mara nyingi. Thamani ya riwaya hii naiona mahali ambapo Alexander alithubutu kuzibadilisha, na hasa katika jambo moja: ni nani anayekivunja chungu, na anapokivunja anajua nini.

Wasioijua asili ya chungu hicho itabidi wanivumilie kidogo, kwa sababu bila asili hiyo hoja yangu haisimami. Matawi Manne ya Mabinogi ni masimulizi ya Kiwelisi ya zama za kati yaliyotufikia hasa kupitia miswada miwili mikubwa, Kitabu Cheupe cha Rhydderch cha katikati ya karne ya 14 na Kitabu Chekundu cha Hergest kilichoandikwa miaka michache kabla na baada ya 1400. Katika Tawi la Pili, Matholwch mfalme wa Ayalandi anavuka bahari na merikebu 13 hadi Harlech kumposa Branwen, dada yake Bendigeidfran, mfalme jitu ambaye hakuna nyumba iliyoweza kumtosha. Karamu ya harusi inafanyika Aberffraw, katika kisiwa cha Anglesey. Efnysien, ndugu wa Bendigeidfran kwa upande wa mama, anapopata habari kwamba msichana ameozwa bila yeye kushauriwa, anawaendea farasi wa wageni na kuwakata midomo, masikio na mikia, kitendo cha kuudhi kupita kiasi, kwa kuwa kumharibia mgeni wa kifalme farasi wake ni sawa na kumtukana yeye mwenyewe hadharani.

Bendigeidfran analipa fidia ili vita visizuke. Anatoa farasi mzima kwa kila farasi aliyeharibiwa, fimbo ya fedha, na sahani ya dhahabu pana kama uso wa Matholwch. Kisha, akiona mgeni wake bado amenuna, anaongeza chungu. Maiti ya mtu aliyeuawa leo ikitiwa humo, kesho yake itasimama na kupigana kama alivyopigana alipokuwa hai, ila haitaweza kusema. Chungu chenyewe asili yake ni Ayalandi, alikokitoa mtu mmoja mkubwa wa kutisha aliyeonekana akiibuka kutoka ziwani akiwa amekibeba mgongoni. (Jambo hili la ziwa halikutungwa hewani. Mwanzoni mwa karne ya 20, ziwa la Llyn Fawr la kusini mwa Wales lilipokuwa likigeuzwa kuwa bwawa la maji, vilipatikana humo vyungu viwili vya shaba nyeusi pamoja na zana nyingine za kale. Watu wa nchi ile kweli walitupa vyungu vya thamani majini, sana sana kama sadaka.)

Mengine ni maafa matupu. Waayalandi wanaendelea kumlipizia Branwen ule uovu wa Efnysien: anapelekwa jikoni kupika, na kila siku mchinjaji anampiga kofi. Branwen anamlea kwezi, anamfundisha maneno, kisha anamtuma na barua hadi Wales. Bendigeidfran anavuka bahari kwa miguu. Mapatano yanapokaribia kufungwa, Efnysien yule yule anamtupa motoni mtoto wa Branwen, na vita vinaanza. Waayalandi wanawasha moto chini ya chungu, wanatia maiti zao mpaka kinajaa, na asubuhi wafu wanatoka wakipigana. Hapo ndipo Efnysien, akiona maiti za watu wake mwenyewe ambao hawana chungu cha kuwafufua, anatambua kwamba yote yametoka kwake. Anajilaza katikati ya maiti za Waayalandi. Wawili wao wanamdhania ni mwenzao na kumtupa ndani. Anajinyoosha kwa nguvu zake zote mpaka chungu kinapasuka vipande vinne, na moyo wake nao unapasuka. Kati ya jeshi zima lililovuka, wanarudi wanaume saba.

Sasa tumtazame Alexander. Alizaliwa mwaka 1924, na wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilimpeleka Wales kwa mafunzo kabla ya kumvusha hadi Ulaya bara. Nchi ile ilimkaa moyoni kwa miaka 20 kabla haijatoka katika maandishi. Katika riwaya yake chungu kinaitwa Crochan na kimekuwa chombo cha dhalimu. Arawn, bwana wa Annuvin, anaiba maiti makaburini na kuwafanya askari wasiokufa, na kwa kuwa maiti zimeanza kumpungukia ameanza kuwaua wapita njia ili apate nyingine. Gwydion, mwana wa mfalme anayempinga Arawn, anaita baraza, na inaamuliwa kwamba chungu kiibwe na kuharibiwa. Taran, kijana ambaye cheo chake chote ni Msaidizi wa Mchunga Nguruwe, anapewa kazi ya kukaa nyuma na wanyama wa mizigo chini ya Adaon, mwana wa malenga mkuu Taliesin, pamoja na Ellidyr, kitinda mimba wa mfalme aliyefilisika.

Angalieni alichokihifadhi: ububu. Wafu wa Alexander hawasemi, kama wasivyosema wa Mabinogi. Mwandishi mvivu angewapa sauti za kukwaruza na maneno ya vitisho ili watoto waogope zaidi. Alexander aliona kwamba asili inatisha zaidi, kwa sababu mtu aliyerudishwa akiwa na nguvu zote isipokuwa kauli amenyang’anywa hata uwezo wa kukataa.

Alichokibadilisha ni Efnysien, ambaye amekuwa Ellidyr. Wawili hawa wanafanana kwa jeuri na kwa kuiona heshima yao ikivunjwa hata pale ambapo hakuna aliyeigusa. Ellidyr hana mali. Ana jina, upanga na farasi mmoja mwenye hasira kama yeye, na kila mara anapomwita Taran mchunga nguruwe tunasikia mtu anayejikinga na aibu ya umaskini wake mwenyewe. Adaon anamwona amekaliwa mabegani na mnyama mweusi. Tofauti ni hii: Efnysien aliingia chunguni kwa hila, akidhaniwa kuwa maiti, na hekaya haisemi kwamba chungu kilihitaji sharti lolote ili kivunjike isipokuwa nguvu za mwili. Alexander ameweka sharti. Wale ajuza watatu wa kinamasi cha Morva, Orddu, Orwen na Orgoch, wanawaeleza Taran na wenzake kwamba Crochan haivunjwi kwa nyundo wala kwa moto. Itavunjika tu ikiwa mtu aliye hai ataingia ndani kwa hiari, akijua kwamba hatatoka akiwa hai.

Sharti hilo linaibadilisha riwaya nzima, maana kuanzia hapo kila mhusika anabeba chungu na swali lake. Kabla ya hapo Taran ameshalipa bei nyingine. Adaon alipokufa alimwachia bizimu la chuma ambalo aliyelivaa aliona yaliyofichika na kuelewa ndoto zake, na kwa muda mfupi kijana yule mwenye papara akawa na busara ya mtu mzima. Ajuza wa Morva, ambao wakati huo ndio wenye chungu, wanavikataa vitu vingine vyote wanavyopewa ili wakitoe, lakini bizimu wanalitaka. Taran analitoa. Sijui riwaya nyingi za watoto ambamo shujaa anatakiwa atoe busara yake yenyewe na kurudi kuwa mjinga kama jana, huku akikumbuka ilivyokuwa kuelewa.

Kisha inakuja bei ya tatu. Chungu kinakwama kwenye kivuko cha mto, Ellidyr anatokea, na anakubali kusaidia kwa sharti kwamba wote waape kusema ni yeye aliyekipata. Taran anaapa. Kwa hiyo mpaka tunafika mwisho, amekwisha kutoa busara na amekwisha kutoa sifa. Kinachobaki ni uhai, na hapo Alexander anafanya jambo ambalo bado linanishangaza: anamnyima shujaa wake nafasi ya kuutoa. Chungu kinapokuwa mikononi mwa mfalme Morgant, ambaye sasa anataka kuunda jeshi lake mwenyewe la wafu, anayejirusha ndani ni Ellidyr, mwenye kiburi, mwongo, mwizi wa sifa za wengine. Alexander ametii mantiki ya Tawi la Pili hapo, kwamba aliyeuanzisha ubaya ndiye anayeumaliza, lakini amemwongezea hiari na ufahamu ambavyo hekaya ilivifikia nusu tu.

Nakaribisha michango, hasa ya wale wasiokubaliana nami.

Mkutubi wa Zamani

Ndugu mleta uzi, nimekusoma hadi mwisho na kuhusu Ellidyr sina ugomvi nawe. Lakini umemtaja Arawn kama dhalimu na kupita, kana kwamba hilo halihitaji maelezo, wakati kwa msomaji wa Mabinogi hilo ndilo badiliko kubwa na baya kuliko yote.

Arawn wa Tawi la Kwanza ni mfalme muungwana. Pwyll, bwana wa Dyfed, anakosa adabu porini kwa kuwafukuza mbwa wa Arawn kutoka kwenye paa waliyemkamata na kuwalisha mbwa wake mwenyewe. Arawn, badala ya kulipiza, anampa njia ya kupata urafiki wake. Wanabadilishana sura na nchi kwa mwaka mmoja. Pwyll anatawala Annwn, nchi ya Arawn ya ulimwengu mwingine (ndiyo Annuvin ya riwaya), anamshinda adui yake Hafgan kwa pigo moja kama alivyoelekezwa, na kwa mwaka mzima analala kitanda kimoja na malkia bila kumgusa. Arawn anaporudi na kugundua uaminifu huo, urafiki wao unakuwa wa kudumu, na nchi hizo mbili zinapelekeana farasi, mbwa na vito. Baraza la Annwn linaelezwa kuwa na chakula, vinywaji na mavazi bora kuliko mabaraza yote ya duniani. Hata nguruwe, ambao bila wao Taran asingekuwa na kazi, waliingia Wales kama zawadi ya Arawn kwa Pryderi, mwana wa Pwyll. Huyu ndiye ambaye Alexander amemfanya mwizi wa maiti.

Upande wa pili kuna Gwydion. Katika riwaya ni mwana wa mfalme mwenye kila sifa njema, mvumilivu na mwenye huruma. Katika Tawi la Nne, Gwydion anazusha vita kati ya kaskazini na kusini kwa makusudi, ili mjomba wake Math atoke nyumbani na ndugu yake Gilfaethwy apate nafasi ya kumbaka Goewin. Ili kuvizusha anakwenda kwa Pryderi akijifanya malenga, anawapata nguruwe wale kwa kuwabadilisha na farasi na mbwa wa mazingaombwe ambao uchawi wao unakwisha kesho yake, kisha anamwua Pryderi katika pambano la watu wawili kwa kuchanganya nguvu na uchawi. Math anawaadhibu ndugu hao wawili kwa kuwageuza wanyama kwa miaka mitatu mfululizo: kulungu, nguruwe mwitu, kisha mbwa mwitu.

Kwa hiyo muungwana amefanywa shetani na mlaghai amefanywa mtakatifu. Kama thamani ya mwandishi iko katika mabadiliko yake, kama unavyodai, basi haya nayo yahesabiwe.

Mpenda Hekaya

Mkutubi, nakushukuru kwa hoja nzito. Nitaanza na Arawn kwa sababu hapo nina la kusema zaidi.

Picha ya Annwn kama mahali pa hatari haikuletwa na Mmarekani. Ndani ya fasihi ya Kiwelisi yenyewe kuna mikondo miwili inayopingana. Tawi la Kwanza linaonyesha nchi ya neema, kama ulivyosema. Lakini katika hadithi ya Culhwch na Olwen, ambayo wataalamu wengi huiona ya kale kuliko Matawi, Gwyn mwana wa Nudd ametiwa na Mungu roho ya mashetani wa Annwn ili dunia isiangamizwe. Na katika shairi la Preiddeu Annwfn, lililomo katika Kitabu cha Taliesin, Arthur anakwenda kuivamia Annwn na watu wa kujaza merikebu yake mara tatu, na ubeti baada ya ubeti tunaambiwa kwamba hawakurudi isipokuwa saba. Miongoni mwa vinavyotajwa humo ni chungu cha Mkuu wa Annwn, kinachopashwa moto kwa pumzi za wanawali tisa, ambacho hakichemshi chakula cha mwoga. Safari ya Gwydion na baraza lake kwenda kuiba chungu Annuvin imekaa karibu zaidi na shairi hilo kuliko na Tawi lolote. Alexander alichagua mkondo wa giza na kuupachika jina la bwana wa mkondo wa nuru. Unaweza kumlaumu kwa jina, lakini giza lenyewe alilikuta.

Tena, ndani ya riwaya chungu si mali ya Arawn. Ni cha wale ajuza watatu, ambao walimwazima kwa bei kubwa, na alipokawia kukirudisha wakaenda kukichukua wenyewe. Wao hawajali mema wala mabaya. Wangempa yeyote anayelipa. Kwa hiyo hata hapa uovu umewekwa katika matumizi, na chombo kimebaki na ule utata kiliokuwa nao Bendigeidfran alipokitoa kama fidia ya amani na kikaja kuwaua watu wake mwenyewe.

Kuhusu Gwydion nakubali kwamba tumepoteza mhusika mkubwa. Yule mchawi wa Tawi la Nne, anayependa hila kwa ajili ya utamu wa hila, asingeweza kuwa mlezi wa Taran. Hata hivyo ningekuomba umtazame Morgant. Ni shujaa wa kweli, mwenye heshima aliyoipata vitani, tena ndiye mtu mzima aliyemsifu Taran wakati wengine walimwona mtoto, na ndiye anayesaliti. Nadhani utata alionyimwa Gwydion umegawanywa kati ya Morgant na Ellidyr. Mmoja anaanza vizuri na kuharibika, mwingine anaanza vibaya na kutengenea. Baada ya vita Gwydion anasema kwamba anamheshimu Morgant kwa alivyokuwa zamani, na Ellidyr kwa alivyokuja kuwa.

Na kwa kuwa umewataja nguruwe: kazi ya Taran, ambayo Ellidyr anaitumia kama tusi, katika mapokeo ya Wales si ya kudharauliwa. Zile orodha za kale ziitwazo Trioedd, zinazopanga mambo ya Kisiwa cha Britania matatu matatu, zina utatu wa wachunga nguruwe wenye nguvu, nao ni Pryderi, Drystan na Coll mwana wa Collfrewy. Nguruwe wa Coll aliitwa Henwen, na ilitabiriwa kwamba uzao wake ungeidhuru nchi. Arthur akamfuatia, naye akawa anazaa njiani kila mahali kitu tofauti, punje ya ngano na nyuki kusini, kisha mbwa mwitu na paka wa balaa kaskazini. Alexander aliwachukua wote wawili, Coll na Hen Wen, akawaweka kwenye shamba ambako Taran analelewa. Kijana analalamika kwa vitabu viwili kwamba cheo chake ni duni, huku mwalimu wake wa kulisha nguruwe akiwa na jina la mmoja wa wachunga nguruwe watatu wakuu wa kisiwa kizima. Mzaha huo mtoto haambiwi popote.

Msomaji wa Mabonde

Wakuu, mjadala mzuri, lakini mnazungumza kana kwamba Wales ni miswada tu. Mwaka 1965, mwaka ule ule riwaya hii ilipotoka Marekani, bwawa la Tryweryn lilizinduliwa rasmi kaskazini mwa Wales. Ili jiji la Liverpool la Uingereza lipate maji, kijiji cha Capel Celyn kilizamishwa pamoja na kanisa, shule, posta na mashamba yake, wakati karibu wabunge wote wa Wales walikuwa hawakuuunga mkono mswada huo bungeni. Wakazi wake walikuwa wasemaji wa Kiwelisi. Msomaji wa The Black Cauldron hawezi hata kukisia kwamba nchi yenye majina hayo matamu ina watu walio hai wenye lugha wanayoipigania.

Mlinganisheni na Alan Garner, Mwingereza wa Cheshire, katika The Owl Service ya mwaka 1967, iliyopata nishani ya Carnegie. Garner alichukua Tawi la Nne, habari ya Blodeuwedd aliyeumbwa kwa maua awe mke wa Lleu, akampenda Gronw, wakapanga kumwua mume, na mwishowe akageuzwa bundi. Lakini hakubuni nchi. Aliwaweka vijana watatu katika bonde la Wales la wakati wake: Alison na Roger, watoto wa Waingereza wenye fedha waliokuja kwa likizo, na Gwyn, mtoto wa mpishi wa nyumba hiyo. Hekaya inawarudia wao, kama ilivyowarudia wazazi waliowatangulia, na wivu wa kale unajengwa kwa chuki ya tabaka na ya lugha. Gwyn ana sahani za santuri za kujifunzia lafudhi ya Kiingereza cha wenye nafasi, na siri hiyo inapofichuliwa na kugeuzwa kichekesho msomaji anaumia kuliko kwa upanga wowote. Huko ndiko kuilipa Wales deni lake. Alexander alikopa majina akaondoka nayo.

Mpenda Hekaya

Ndugu Msomaji wa Mabonde, The Owl Service naiheshimu sana, na kwa ufundi wa sentensi Garner amemzidi Alexander. Mazungumzo yake yamekatwa mpaka mfupa. Ila deni unalolidai ni la mtu aliyesema anaandika kuhusu Wales. Alexander alitamka mapema, katika maelezo ya kitabu cha kwanza, The Book of Three cha mwaka 1964, kwamba Prydain si Wales, au walau si Wales kwa ukamilifu wake.

Isitoshe, waandishi hawa wawili wanauliza hekaya maswali tofauti. Garner anauliza kama mtu anaweza kuiponyoka hadithi iliyomtangulia kuzaliwa. Wahusika wake wanaburutwa, na ukombozi unakuja ukurasa wa mwisho kabisa kwa njia ambayo wasomaji bado wanabishania. Alexander anauliza mtu atachagua nini akishaonyeshwa bei. Swali la Garner lilihitaji bonde halisi lenye historia, kwa sababu historia ndiyo inayowaburuta. Swali la pili halikuhitaji Capel Celyn, na nadhani riwaya ingeharibika kama mwandishi, akiwa mgeni, angejaribu kuyabeba machungu ambayo hakuyaishi.

Baba wa Watatu

Naomba kuuliza jambo la kawaida kati ya wasomi. Watoto wangu wameona filamu ya Disney ya mwaka 1985 yenye jina hili hili. Humo anayejitupa chunguni ni Gurgi, yule kiumbe mwenye manyoya, na baadaye anafufuka. Huyo Ellidyr hayumo kabisa. Je, binti yangu wa miaka tisa nimpe kitabu, au vifo vyake ni vizito mno? Na aanze na kipi?

Mpenda Hekaya

Ndugu Baba wa Watatu, swali lako lingepaswa kuwa la kwanza. Filamu ile imechanganya kitabu cha kwanza na cha pili, ikamwondoa Ellidyr, Adaon na Morgant, na adui mkuu ikamfanya Mfalme wa Pembe, ambaye katika vitabu anakwisha kabla hadithi ya chungu haijaanza. Ilikuwa ghali mno kwa wakati wake na haikurudisha gharama. Tatizo langu nayo ni huko kufufuka. Ajuza wanamrudisha Gurgi, kwa hiyo hakuna aliyelipa chochote. Tena anayejitoa ni mpole aliyekuwa mpole tangu mwanzo, na mtoto anayetazama hapewi nafasi ya kushangaa kwamba mtu aliyemchukia ndiye aliyefanya hivyo.

Miaka tisa inatosha, ikiwa utasoma naye sura za katikati. Adaon anakufa mapema na anakufa kweli. Mtoto atauliza kwa nini mtu mwema aliyeona mbele hakujiokoa, na jibu limo mle mle kitabuni, kwa kuwa alijua na bado alikwenda. Damu haielezwi kwa undani. Kinachoweza kumsumbua zaidi ni hema la Morgant, ambamo wafungwa wanangoja kutiwa chunguni wakiwa hai wa akili na kumbukumbu zao.

Aanze na The Book of Three, ambacho ni chepesi na kina vichekesho vingi, vikiwemo vya Fflewddur Fflam na kinubi chake kinachokatika uzi kila anapotia chumvi katika maneno yake. The Black Cauldron kifuate, kisha The Castle of Llyr cha mwaka 1966, kilicho dhaifu kuliko vyote kwa maoni yangu, na Taran Wanderer cha mwaka 1967, ambamo Taran anarudi Morva kuwauliza ajuza wale wazazi wake ni nani na anakosa cha kuwalipa. Asikiruke hicho hata kama anaona hakina vita. Cha mwisho, The High King cha mwaka 1968, ndicho kilichompa Alexander nishani yenyewe ya Newbery mwaka 1969.

Na umweleze mapema jambo ambalo filamu inalificha: kifo cha Ellidyr kinazuia wafu wapya wasifanywe, lakini wale waliokwisha kutoka chunguni bado wanamtumikia Arawn, na vitabu vitatu baadaye bado wanatembea.